Morris Minor kwa petroli isiyo na risasi: tathmini ya kazi ya siti za valvu iliyofanyika Nyakato, Mwanza

Karakana ya mashine ninayoitathmini hapa iko Nyakato, katika eneo la viwanda, hatua chache kutoka barabara kuu iendayo Musoma. Haina bango; wateja huelekezana kwa kutaja mashine kubwa ya kukereza inayoonekana mlangoni. Kazi yake ya kila siku ni hedi (sehemu ya juu ya injini inayobeba valvu) za Fuso na Land Cruiser za dizeli, krenkishafti za mashine za kusaga nafaka, na shafti za injini za mitumbwi zinazoletwa kutoka mialoni. Mimi niliipelekea hedi ya Morris Minor 1000 ya mwaka 1965, gari aliloliacha marehemu baba, ili iingizwe siti ngumu za valvu za kutolea moshi, yaani ringi ambazo valvu hukalia inapojifunga, kwa kuwa injini hiyo ilibuniwa kwa petroli yenye risasi, ambayo sasa haipatikani katika kituo chochote. Kazi ilifanyika vizuri, ingawa ina kasoro ambazo nitazitaja. Kabla ya kuisifu au kuikosoa inanibidi nieleze kazi yenyewe ni ipi na nani anaihitaji, kwa sababu katika gereji za mjini nimesikia ushauri unaoweza kumgharimu mtu injini nzima.

Risasi haikutiwa kwenye petroli kwa ajili ya valvu. Mwaka 1921 Thomas Midgley, mhandisi wa kampuni ya General Motors huko Marekani, aligundua kwamba kiasi kidogo sana cha kemikali iitwayo tetraethili ya risasi huzuia injini kugonga, yaani huzuia mchanganyiko wa hewa na petroli usilipuke wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Ugunduzi huo uliwawezesha watengenezaji kuongeza mgandamizo ndani ya silinda na kupata nguvu zaidi kutoka injini ileile, na kuanzia mwaka 1923 petroli hiyo ikawa inauzwa. Faida ya pili ilijitokeza yenyewe: risasi ikiungua huacha utando mwembamba juu ya siti ya valvu ya kutolea moshi, na utando huo huzuia uso wa valvu usigusane moja kwa moja na chuma cha siti. Kwa sababu hiyo viwanda vingi, hasa vya Uingereza, viliendelea kwa miongo kadhaa kukata siti za valvu ndani ya chuma cha kusubu cha hedi yenyewe, bila kuingiza ringi ngumu, kwa kuwa ulinzi ulikuja pamoja na mafuta.

Utando huo usipokuwepo, valvu yenye joto kali, inayojifunga kwa nguvu ya springi zaidi ya mara elfu moja kwa dakika gari linapokuwa katika mwendo wa safari, hushikana na siti katika vitone vidogo visivyoonekana kwa macho, kisha huvinyofoa inapofunguka. Chembe zinazong'oka nazo husaga kama msasa, na kidogo kidogo valvu huzama ndani ya hedi. Mwanzoni mwenye gari hasikii chochote. Shina la valvu hupanda kuelekea kwenye roka, mkono unaoisukuma valvu ifunguke, nafasi ya tapeti, yaani mwanya kati ya roka na shina, hupungua hadi kwisha, valvu haifungi tena sawasawa, gesi ya moto hupenya pembeni yake, na hatimaye ukingo wake huungua. Hapo ndipo silinda moja hupoteza mgandamizo na injini kuanza kutetemeka ikiwa imesimama. Fundi asiyejua chanzo husaga valvu, huirudisha, na baada ya muda tatizo hurudi likiwa kubwa zaidi, kwa sababu huko kusaga nako kumeila siti.

Nayaeleza haya bila kutamani hata kidogo kwamba petroli ya zamani irudi. Mwaka 1924 wafanyakazi 5 walikufa kwa sumu ya kemikali hiyo katika kiwanda cha kusafishia mafuta cha Bayway, New Jersey, na onyo hilo halikusikilizwa kwa miaka mingi. Risasi iliyotoka katika ekzosi za magari ilitua barabarani, katika udongo wa viwanja vya kuchezea watoto na juu ya vyakula vinavyouzwa kando ya njia, na Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Ubongo wa mtoto ndio unaoumia zaidi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwezi Juni 2001 kuiondoa petroli hiyo, na kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006 zilikuwa zimeiacha. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho duniani kuiacha, Julai 2021, na mwisho huo ulitangazwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ambalo makao yake yako Nairobi. Ninapopita Mlango Mmoja au Buzuruga, ambako akina mama wamepanga dagaa na mboga karibu kabisa na magari yanayonguruma, naiona hatua hiyo kuwa miongoni mwa mambo mema kabisa yaliyowahi kufanywa katika usafiri. Wapo wanaopendekeza kutafuta mafuta ya ndege ndogo za pistoni, ambayo bado yana risasi, ili kuyachanganya na petroli ya gari. Nawaomba waache wazo hilo, kwa kuwa gari la kale linaweza kuishi maisha marefu bila sumu hiyo.

Si kila gari la zamani linahitaji siti mpya. Hedi ya alumini tangu mwanzo hulazimika kuwa na siti za kuingizwa, kwa kuwa alumini ni laini mno kuhimili kipigo cha valvu, na ndiyo maana Peugeot 404 na 504, ambazo wazee wengi wa Kanda ya Ziwa wanazikumbuka kama teksi na kama magari ya maofisa, pamoja na Volkswagen za injini ya nyuma, kwa kawaida hazisumbuliwi na jambo hili. Toyota na Datsun nyingi kuanzia katikati ya miaka ya 1970 zilitengenezwa kwa kuzingatia petroli isiyo na risasi, kwani Japani ilianza mapema kuiacha ile ya zamani. Walio katika hatari ni wenye injini za hedi ya chuma cha kusubu ambazo siti zake zilikatwa ndani ya chuma hicho, na injini ya Morris Minor, ile iliyotumika pia katika Mini na Austin kadhaa, ni mfano halisi wa aina hiyo. Kwa Land Rover za petroli siwezi kutoa kanuni moja, kwa sababu nyingi zilizobaki mkoani zimekwisha kubadilishiwa hedi au hata injini nzima. Afunguliwaye hedi kwa sababu nyingine atazame siti kwa macho yake kabla ya kufunga.

Hata kwa injini zilizo hatarini, jambo kubwa kuliko mafuta ni namna gari linavyoendeshwa. Kuzama kwa valvu hutokana na joto na mzigo wa muda mrefu: mwendo wa kasi usiokatika, mlima mrefu kwa gia ya juu, gari lililojaa watu na mizigo. Gari linalotoka Isamilo kwenda sokoni, kisha Capri Point, kisha kurudi nyumbani, linaweza kukaa miaka mingi bila madhara yanayopimika, na ushahidi tunao hapahapa, kwani Morris hii ilitumia petroli isiyo na risasi tangu nchi ilipobadili mafuta, ikizunguka mjini tu, na tapeti zake hazikusogea. Wapo wanaosema kwamba risasi ya zamani iliyobaki kwenye siti ndiyo inayolinda. Ni kweli kwamba utando wa zamani hulinda kwa muda, lakini huisha baada ya kilomita elfu kadhaa, na kwa magari yetu umekwisha zamani sana. Kilichoilinda Morris ni mwendo wake wa taratibu.

Mambo yalibadilika gari lilipoanza kutumika kwa safari ndefu za kwenda Magu na Lamadi. Barabara ya Musoma ni ya lami na imenyooka, na kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa injini hii ndogo ya sentimita za ujazo 1,098 huzunguka zaidi kidogo ya mara 3,000 kwa dakika, saa nzima bila kupumzika. Nafasi ya tapeti katika injini hii ni inchi 0.012, yaani milimita 0.3, ikipimwa injini ikiwa baridi. Kupima hakuhitaji gereji. Panahitajika fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya), bisibisi, spana na subira, pamoja na kufuata kanuni ya tisa, kwamba valvu ya 8 ikiwa imefunguka kabisa hupimwa ya 1, ya 7 ikifunguka hupimwa ya 2, na kuendelea hivyo ili jumla iwe tisa daima. Valvu za kutolea moshi ni ya 1, ya 4, ya 5 na ya 8. Baada ya safari za barabara kuu, nafasi za ya 4 na ya 5 zilikuwa zimepungua kila nilipopima, ilhali zile za kuingizia mchanganyiko hazikusogea. Valvu hizo mbili zimekaa bega kwa bega katikati ya hedi na hutumia tundu moja la kutolea moshi, kwa hiyo ndizo zinazopata joto kubwa kuliko zote. Dalili hiyo haina tafsiri nyingine. Namshauri kila mwenye gari la namna hii aandike vipimo vyake katika daftari, kwa sababu kipimo kimoja hakisemi kitu. Kinachosema ni mfululizo wa vipimo.

Njia mbadala zipo, na nilizitazama kabla ya kuamua kufungua hedi. Kuna dawa za kuchanganya kwenye tangi ambazo zilitengenezwa mahususi kushika nafasi ya risasi, zikiwa na madini kama potasiamu, manganizi au fosforasi, na baadhi yake zilipimwa nchini Uingereza kwa niaba ya shirikisho la vilabu vya magari ya kihistoria wakati petroli yenye risasi ilipokuwa ikiondolewa. Zinafanya kazi kwa kuacha utando unaofanana na ule wa zamani, na hazipaswi kuchanganywa zenyewe kwa zenyewe. Kwa mtu wa Mwanza shida yake ni upatikanaji: lazima ziagizwe, zitumike kila tangi linapojazwa, na siku zinapokwisha ulinzi nao huisha. Kwa anayesafiri mara chache zinafaa. Kwa gari linalofanya kazi ni gharama isiyokoma.

Ushauri wa pili nimeusikia mara nyingi zaidi, nao ni wa kuchanganya petroli na oili ya tusitroki, ile inayouzwa Kirumba karibu na mwalo kwa ajili ya injini za mitumbwi, eti "valvu zipate kulainika". Ninauelewa mvuto wake, kwa kuwa oili hiyo ni rahisi kupatikana kwetu kuliko dawa yoyote ya kutoka nje, na mvuvi anaiona ikiitunza injini yake. Lakini oili ya injini za majini hutengenezwa makusudi isiache majivu ya madini inapoungua, na madini hayo ndiyo yanayohitajika kwenye siti. Injini ya mtumbwi inaihitaji kulainisha bearingi na pistoni, sehemu ambazo katika Morris zinalainishwa na oili ya sampu. Kinachopatikana ni moshi, masizi kwenye plagi na petroli iliyoshuka oktani, yaani uwezo wake wa kuzuia kugonga. Mafundi wanaoipendekeza wana nia njema, lakini hawajapata kupima nafasi za tapeti kabla na baada.

Ndipo nikafika Nyakato. Nilichokipenda kwanza ni kwamba fundi mkuu, mtu mzima wa makamo anayeitwa na vijana wake "Mzee" kwa heshima ya kazi kuliko ya umri, hakukubali kukata chuma siku niliyoleta hedi. Alisema, "Mzee mwenzangu, hii kwanza tuione kama ina ufa, maana nikishaitoboa hairudi." Waliisafisha, wakaipaka dawa nyekundu inayojipenyeza kwenye nyufa, wakaifuta na kupaka unga mweupe unaoionyesha, kisha wakaziba njia za maji, wakaingiza hewa yenye shinikizo na kuizamisha katika pipa la maji moto ili kutazama mapovu. Hatua hiyo ni ya lazima kwa hedi hizi, kwa sababu ukuta kati ya siti ya kuingizia na siti ya kutolea moshi ni mwembamba na una sifa ya kupasuka. Hedi yangu haikuwa na ufa. Karakana inayoruka hatua hii isikabidhiwe hedi ya chuma cha kusubu, hata bei yake iwe ndogo kiasi gani.

Baada ya hapo walishughulikia miongozo ya valvu, matundu ambamo mashina ya valvu huteleza, kabla ya siti, na mpangilio huo ndio sahihi. Kisu kinachochimba nafasi ya ringi huongozwa na nguzo inayokaa ndani ya tundu la mwongozo; mwongozo ukiwa umelika, nguzo hucheza, nafasi huchimbwa upande, na ringi hata ikiwa ya chuma bora kiasi gani haitakaa katikati ya valvu. Nilipouliza kwa nini wanaanza na miongozo ilhali nimelalamikia siti, kijana aliyekuwa kwenye mashine alinieleza sababu hiyo bila kusita, na tangu hapo nikawa na imani na kazi yao.

Ringi zenyewe ni za chuma kigumu cha aloi na ziliagizwa kupitia Dar es Salaam pamoja na valvu mpya za kutolea moshi za chuma cha pua kinachohimili joto, aina ya 21-4N. Ringi hutengenezwa ikiwa pana kuliko tundu lake kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, na hakuna gundi wala skrubu inayoishika. Inashikwa na kubanwa huko tu. Waliiweka hedi katika tanuru ya umeme ili itanuke, ringi zikiwa zimelala usiku kucha kwenye friza ili zisinyae, na kila moja iliingia kwa kugongwa kidogo kwa nyundo kupitia kipande cha chuma cha mviringo. Ringi inayoingia kwa kulazimishwa kwa nyundo nzito ikiwa ya joto la kawaida hukwangua tundu lake, na ringi ya namna hiyo inaweza kuchomoka injini ikiwa inafanya kazi na kuivunja pistoni. Kisha walikata uso wa siti kwa pembe ya digrii 45, wakaupunguza upana kwa pembe nyingine mbili, wakapaka rangi ya buluu kuona mgusano, na mwisho wakageuza hedi na kumimina mafuta ya taa ndani ya matundu ya ekzosi. Hakuna tone lililovuja.

Jambo moja tulilobishana kwa heshima ni idadi ya ringi. Karakana ilipendekeza kuingiza katika valvu zote 8, kwa hoja kwamba hedi imekwisha funguliwa. Nilikataa, na naendelea kuamini kwamba nilikuwa na sababu. Valvu za kuingizia hupozwa na mchanganyiko mbichi wa hewa na petroli unaopita juu yake, na siti zake hazizami kwa ukosefu wa risasi. Nazo ringi za ziada katika hedi yenye kuta nyembamba hivyo hukaribiana hadi kubakiza chuma kidogo mno katikati. Kwa hedi za Fuso walizozizoea pendekezo hilo linaeleweka. Kwa Morris ni hatari isiyo na faida.

Nilisisitiza pia kwamba uso wa chini wa hedi upunguzwe kiasi kidogo tu cha kuunyoosha. Kila unavyokatwa, chumba cha kuunguzia hupungua na mgandamizo huongezeka, na injini hii tayari ina uwiano wa 8.5 kwa 1. Hapa tunagusa hasara ya pili ya kukosa risasi, ile ya kugonga, ambayo watu wengi huichanganya na tatizo la siti ilhali ni mambo mawili yenye tiba mbili. Siti ngumu hazizuii kugonga hata kidogo. Kinachozuia ni oktani ya petroli na taimingi, yaani wakati plagi inapotoa moto.

Katika jambo hili wakazi wa Mwanza tuna bahati ya kijiografia. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji wote uko juu zaidi ya hapo. Hewa ya huku ni hafifu kuliko ya pwani, silinda hujaa hewa kidogo kwa kila mzunguko, na shinikizo la mwisho huwa dogo. Kwa hiyo injini ileile inayogonga Tanga au Dar es Salaam inaweza kutulia kabisa huku kwa petroli ya kituo cha kawaida. Gharama yake ni nguvu kidogo inayopotea, ambayo mwenye Morris ameizoea. Niliweka taimingi kama kitabu cha gari kinavyoelekeza, nikapanda mlima wa Bugando kwa gia ya tatu huku nimekanyaga mafuta, na mlio wa kugonga ulisikika kwa mbali mwanzoni mwa mlima tu. Digrii mbili za kuchelewesha moto ziliumaliza. Anayeshuka na gari lake kwenda pwani acheleweshe tena kidogo akifika, na akirudi arudishe.

Mtu akisikia kugonga kwa ghafla baada ya kujaza mafuta katika kituo asichokizoea, hapaswi kugusa taimingi kwanza. Mafuta ya taa yakichanganywa na petroli hushusha oktani kwa kiasi kikubwa, na uchakachuaji huo ndio uliosababisha EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kuanzisha utaratibu wa kuweka vinasaba, yaani kemikali za utambulisho, katika mafuta mwaka 2010. Hali sasa ni nafuu kuliko ilivyokuwa, lakini gari la kale lisilo na kompyuta ya kujirekebisha ndilo linaloumia kwanza mafuta yakiwa mabaya. Kujaza katika kituo kimoja chenye wateja wengi ni tahadhari isiyogharimu kitu.

Sasa kasoro za karakana. Ya kwanza na kubwa ni usafi wa mwisho. Hedi ilirudi na punje za chuma ndani ya njia za maji na, vibaya zaidi, ndani ya tundu dogo la oili linalopanda kwenda kwenye shafti ya roka. Punje hizo zingefika kwenye bushi za roka ndani ya dakika za kwanza. Niliiosha hedi yote kwa mafuta ya taa na hewa ya kompresa kabla ya kuifunga, na namtaka kila mteja afanye hivyo hata akiambiwa kwamba imesafishwa. Kwa karakana inayopima kwa mikromita, kukosa uangalifu katika kuosha kunasikitisha, kwa sababu ndiyo sehemu rahisi kuliko zote.

Kasoro ya pili ni kwamba valvu za kuingizia, ambazo hazikubadilishwa, ziliwekwa zote katika kopo moja bila alama. Valvu iliyokwisha kusagwa na siti yake inapaswa kurudi palepale. Walikubali kuzisaga upya bila malipo, na walifanya hivyo kwa moyo mweupe, lakini chuma kilichopotea kwa usagaji wa pili kingebaki kama kungekuwa na kipande cha boksi chenye matundu manane. Tatu, muda. Ahadi ya siku chache iligeuka majuma kwa sababu ya kusubiri ringi, na hakuna aliyenipigia simu. Nilikuwa nikipata habari kwa kwenda mwenyewe. Nne, hakuna karatasi. Nilipoomba vipimo vya tundu na ringi, pamoja na kiasi kilichokatwa kwenye uso wa hedi, nilitajiwa kwa mdomo nikaviandika mimi. Vipimo hivyo ni sehemu ya kazi niliyoilipia, na fundi atakayeifungua hedi hii miaka mingi ijayo atavihitaji.

Kuhusu bei, kazi nzima pamoja na vifaa ilikuwa chini sana ya gharama ya kuagiza hedi iliyokwisha badilishwa kutoka Uingereza, ukihesabu usafirishaji na ushuru. Inafaa kukubaliana mapema kama bei inajumuisha miongozo na kusaga, kwa kuwa hivyo huhesabiwa peke yake.

Tangu hedi ifungwe, nati zake 9 zikiwa zimekazwa kwa mpangilio kuanzia katikati hadi futi-pauni 40 na kukaguliwa tena baada ya injini kupata moto na kupoa, gari limekwenda Musoma na kurudi, na limevuka Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi hadi Sengerema likiwa limebeba watu wazima wanne. Nafasi za valvu ya 4 na ya 5 hazijasogea hata kwa unene wa karatasi. Mgandamizo wa silinda zote unakaribiana, injini inasimama bila kutetemeka, na hakuna dawa yoyote ninayotia kwenye tangi. Naipa karakana hii alama za juu kwa ukataji na uingizaji, alama za wastani kwa mawasiliano, na alama za chini kwa usafi.

Wenye magari ya namna hii walioko Bukoba, Musoma au visiwani Ukerewe hawana haja ya kulileta gari lote. Hedi ya injini hii mtu mmoja anaibeba, na ikifungwa vizuri katika sanduku la mbao, uso wa chini ukiwa umewekewa ubao laini usikwaruzwe, inasafiri salama kwa meli au kwa basi. Ipelekwe pamoja na valvu zote zikiwa zimeandikwa namba, miongozo mipya kama imepatikana, gasketi mpya ibaki nyumbani, na barua fupi inayosema wazi: ringi nne za kutolea moshi tu, uso ukatwe kidogo iwezekanavyo, vipimo viandikwe.